Ijumaa ya Mapumziko: Fundi Ndani ya Kabati

Sehemu ya saba

Ufunguo uliokukatisha pumzi wiki iliyopita haukusubiri gazeti litoke. Uliendelea kuzunguka kwenye kufuli la karakana ya madawati pale Njoro, Moshi, na ndani mafundi watatu wakabaki wanatazamana, kila mmoja na kifaa mkononi. Wa nne, Kornel, alikuwa amelala chini ya meza ya kurandia na hakusikia kitu.

Wewe uliyefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, sogea nikumegee kidogo kabla kufuli halijafunguka.

Mwenye karakana ni Mama Tabitha, mjane. Stella, mtoto wa kaka yake aliyesomea biashara Dar, alimshawishi ajaribu jambo ambalo Moshi bado haijalizoea: mafundi wafanye kazi Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa wapumzike, na mshahara ubaki ule ule. Majaribio ni ya wiki kumi na mbili. Zamani kwa siku tano walitoa madawati hamsini. Yakishuka chini ya hapo, Ijumaa inarudi kuwa siku ya kazi. Mama Tabitha akaandika getini kwa rangi nyekundu: IJUMAA TUMEFUNGA. MAFUNDI WANAPUMZIKA.

Mafundi walishangilia siku nzima. Jioni, wakiwa njiani kurudi milimani, wakaanza kufikiri.

Maana huko juu mwanamume akionekana nyumbani siku ya kazi haitwi mtu anayepumzika. Anaitwa mikono mitupu. Ng'ombe wa bandani anataka majani, migomba inataka samadi, na mke ana orodha aliyoanza kuiandika siku ya harusi. Basi kila mmoja, bila kuambiana, akawaficha wa nyumbani. Ijumaa ya kwanza kila mmoja akavaa ovaroli, akabeba chakula chake, akaaga nyumbani. Wote wanne wakakutana chini ya lile tangazo jekundu.

Aliyewaongoza kuingia kwa dirisha la nyuma ni msimamizi wao, Eliufoo wa Mwika, mtu wa miaka hamsini na mbili, mzee wa kanisa, mwenye mkono mzuri na tumbo zuri zaidi. Walikusudia kukaa tu. Lakini fundi hawezi kukaa mbele ya ubao ambao haujarandwa, kama mama asivyoweza kumwangalia mtoto mwenye kamasi. Ijumaa hiyo wakatoa madawati tisa kwa kujifurahisha, na kila Ijumaa iliyofuata vivyo hivyo. Leo ilikuwa Ijumaa ya kumi na moja.

Sasa turudi mlangoni.

"Dirishani," Eliufoo alinong'ona.

Vijana wawili wembamba wakapita, mmoja baada ya mwingine, wakatokomea nyuma ya ukuta. Eliufoo akaingiza kichwa, akaingiza bega, kisha tumbo likagoma. Wakati wa kuingia lilikuwa limepita vizuri, lakini wakati ule lilikuwa halijala machalari, zile ndizi za nyama za Elisifa, mkewe.

Akajichomoa. Akamtikisa Kornel kwa mguu. Kornel akageukia upande wa pili na kuvuta gunia hadi kidevuni.

Mlango ukalia. Mbele ya Eliufoo palikuwa na kabati aliloagiza Mwalimu Pamela, la mninga, milango miwili, kazi aliyoimaliza kwa mikono yake mwenyewe. Akaingia, akavuta mlango, na kitasa kikajifunga kwa nje.

Hapo akakumbuka mambo mawili. La kwanza, kabati lile halikuwekewa kitasa cha ndani. La pili, vanishi ya ndani aliipaka jana jioni, na mgongo wake ulikuwa umeshaiegemea.

"Stella, njoo," sauti ya Mama Tabitha ilisema. "Mbona humu ndani pana joto la watu?"

"Ni bati, shangazi. Jua la Moshi hili, usicheze nalo."

Eliufoo alikaza jicho atafute upenyo wa kuchungulia. Hakuona hata mmoja. Moshi nzima alisifika kwa milango isiyopitisha wembe, na leo kwa mara ya kwanza aliichukia sifa hiyo kwa moyo wote.

"Nisomee tena," Mama Tabitha alisema.

"Wiki ya kwanza madawati hamsini na tisa. Ya pili sitini. Ya tatu sitini. Na zinaenda hivyo hivyo hadi wiki iliyopita, sitini." Stella alikuwa na furaha hadi sauti yake ikapanda. "Shangazi, nilikwambia. Watu wakipumzika wanazalisha zaidi. Hii data iko poa sana. Mtu akiiona Dar ataomba aje kujifunza hapa Njoro."

Ndani ya kabati Eliufoo alitabasamu gizani. Basi Ijumaa imepona.

"Ngoja kwanza," Mama Tabitha alisema. "Sitini kwa siku nne ni kumi na tano kwa siku."

"Ndiyo."

"Na kwa siku tano ni sabini na tano."

Karatasi ya Stella ikachakarika.

"Miaka tisa, Stella. Miaka tisa hawa watu wamenipa hamsini kwa siku tano, kumbe uwezo wa sabini na tano wanao. Wamekuwa wakinichezea. Mume wangu marehemu waliimba kwenye mazishi yake, tena wakalia, huku wanamchezea."

"Shangazi, hesabu haiendi hivyo. Wanaweza kwa sababu wanapumzika."

"Hesabu inaenda hivyo hivyo. Jumatatu nafuta lile tangazo. Ijumaa inarudi, na nataka sabini na tano. Atakayeshindwa, barabara ya kwenda Holili ni pana, akatafute kazi ya kupakia mizigo mpakani."

Tabasamu la Eliufoo likafa pale pale.

Elewa alivyobanwa, msomaji, mbali na ule mninga. Akinyamaza, Ijumaa imekwenda, na juu yake kuna madawati sabini na tano ambayo binadamu hawezi kuyatoa. Akisema kweli kwamba tisa kati ya yale sitini ni ya Ijumaa, Ijumaa huenda ikapona, lakini kweli hiyo itapanda mlima kabla yake. Mama Tabitha na Elisifa wanaimba kwaya moja. Na Elisifa akijua kwamba kwa wiki kumi na moja amebeba majani ya ng'ombe kichwani wakati mumewe yuko huru, hakuna dirisha Kilimanjaro nzima ambalo Eliufoo angeweza kupitia.

Akaamua kunyamaza. Aibu ya kesho ina nafuu kuliko ya leo.

"Hodi humu," sauti ya mwanamke ikaita mlangoni.

Eliufoo aliijua sauti ile. Aliisikia kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita.

"Karibu, mama Elifuraha," Mama Tabitha alisema, akimwita kwa jina la binti wa kwanza wa Elisifa na Eliufoo. "Umetoka Mwika mapema hivi?"

"Shikamoo, mama. Nimemletea baba Elifuraha miwani yake. Imempotea tangu Jumatano, na bila hiyo atajikata vidole. Yuko wapi?"

Eliufoo alisikia vanishi ikishika shati lake uzi kwa uzi.

"Mama Elifuraha, leo ni Ijumaa," Mama Tabitha alisema polepole.

"Najua ni Ijumaa."

"Ijumaa mafundi wanapumzika. Hukuona tangazo getini? Hii ni wiki ya kumi na moja."

Eliufoo alifumba macho, ingawa gizani mle haikuleta tofauti. Alingoja kilio. Alingoja matusi ya Kichagga, yale ambayo bibi wa Elisifa aliyatumia kwa ng'ombe wakaidi. Hakusikia lolote kati ya hayo.

"Wiki ya kumi na moja," Elisifa alirudia, kwa upole wa kutisha. "Basi naomba niache miwani hapa juu ya kabati. Akija Jumatatu mpeni. Aika, mama," alishukuru kwa Kichagga.

Miwani ikagonga mbao juu ya kichwa chake. Nyayo za mkewe zikaondoka bila haraka.

Sasa Eliufoo hakuwa na siri ya kulinda. Alilolificha wiki kumi na moja lilikuwa limetoka na kwenda zake getini, na Ijumaa nayo ilikuwa inakwenda bila faida kwa yeyote. Kornel ana mama mgonjwa Kibosho ambaye humwona Jumapili tu. Wale vijana wawili wana watoto wachanga. Wote walimfuata yeye kupitia dirishani. Alijisikia vibaya, na alijisikia mjinga, na kati ya hayo mawili la pili ndilo lililouma zaidi.

Akapiga mlango wa kabati mara tatu kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa mchungaji.

Stella akapiga yowe. Kutoka chini ya meza ya kurandia Kornel naye akapiga yowe, akainuka, akagonga kichwa, akalala tena.

"Mfungulie fundi, Stella," Mama Tabitha alisema bila kushtuka. "Amekaa humo vya kutosha."

Mlango ukafunguliwa. Eliufoo alitaka kutoka kwa heshima, lakini mgongo ulibaki nyuma. Ilibidi Stella amvute mkono mmoja na Kornel mwingine, ndipo shati likaachana na kabati kwa mlio mrefu, na umbo la msimamizi wa karakana likabaki limechorwa ndani ya mninga wa Mwalimu Pamela.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Ulidhani sikuona hotpoti?" Mama Tabitha alionyesha dirisha, na kweli hotpoti ya machalari ilikuwa pale, mfuniko kando. "Endelea. Nilikuwa nakungoja uchague mwenyewe kusema kweli."

Eliufoo akasema yote. Hakujipamba. Alipofika kwenye hesabu, akaomba waende stoo, akalipindua dawati moja, kisha jingine, hadi akapata lenye alama ya msalaba ya chaki chini ya kikalio.

"Kila dawati la Ijumaa nililitia alama hii," alisema. "Nilifikiri siku ya hukumu nikiulizwa, niwe na la kuonyesha."

Stella akapiga magoti, akahesabu madawati ya wiki iliyopita, sitini. Yenye msalaba yalikuwa tisa. Akainuka na vumbi la mbao magotini, akahesabu tena kwa kidole.

"Hamsini na moja," alisema. "Shangazi, bila Ijumaa ni hamsini na moja. Zamani siku tano zilitoa hamsini. Kwa hiyo jaribio limefaulu, tena kihalali kabisa."

"Limefaulu vipi?" Mama Tabitha alimgeukia Eliufoo. "Niambie wewe, fundi. Siku moja imepungua, dawati moja limeongezeka. Ile siku ya tano mlikuwa mnafanya nini?"

Eliufoo alijikuna. Swali hilo alikuwa hajawahi kujiuliza.

"Mama, zamani Jumatatu tulianza saa nne, maana watu wanasimuliana ya Jumapili. Chai ilichukua saa nzima. Ubao ukikosekana, tunakaa kuungojea. Sasa tukijua Alhamisi jioni ndiyo mwisho, ubao unaagizwa mapema, na chai tunainywa tumesimama. Hata makosa yamepungua. Zamani Ijumaa mchana tulikuwa tunatengeneza yaliyoharibika Ijumaa asubuhi."

"Na kama mmeipata siku yenu kwa jasho lenu, mnakuja hapa kufanya nini?"

Kornel alitazama viatu vyake.

"Nyumbani hakuna mapumziko, mama," Eliufoo alisema hatimaye.

Mama Tabitha aliketi kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakamfika kifuani, na hakujali.

"Marehemu alisema hivyo hivyo. Aliijua kila mbao ya karakana hii. Watoto wake walimjua kwa kikohozi chake cha asubuhi akiwa anaondoka. Siku alipougua akalala nyumbani wiki mbili, mdogo wao aliniuliza, huyu baba ataondoka lini?" Alipangusa dawati kwa kiganja. "Sikuwapa Ijumaa mnijengee madawati. Niliwapa mkaonekane kwenu."

Eliufoo aliona haya hadi masikioni. Ndugu msomaji, kuna maneno ambayo mtu angependa kuyasikia akiwa bado ndani ya kabati.

"Sasa nisikilizeni," Mama Tabitha aliinuka, na sauti ya kazi ikarudi. "Wiki ijayo ndiyo ya kumi na mbili. Ijumaa hiyo kila fundi akae kwake tangu asubuhi hadi jioni. Jumatatu alete karatasi yenye sahihi ya mkewe, na wewe Kornel ya mama yako, kwamba alikuwepo na alionekana. Zikitimia nne, Ijumaa ni yenu moja kwa moja. Ikikosekana moja, Ijumaa inarudi kwa wote. Dirisha naliwekea nondo leo, na kufuli nabadilisha. Stella, washa gari ukanunue."

"Sahihi ya mke?" Eliufoo alisema. "Mama, mke wangu ametoka hapa sasa hivi. Umesikia alivyosema aika. Ile haikuwa aika ya kawaida."

"Kwa hiyo una kazi," Mama Tabitha alisema, akamkabidhi miwani yake.

Eliufoo hakupanda Mwika moja kwa moja. Alizunguka Moshi mjini hadi saa nane, akitafuta zawadi ambayo ingelingana na kosa. Alishika kanga, akairudisha. Alishika sufuria, akafikiri mara mbili kuhusu kumkabidhi Elisifa kitu kizito leo, akairudisha pia. Kitu cha kulingana na wiki kumi na moja hakiuzwi dukani.

Alipokuwa anapanda kwa miguu kutoka barabarani kwenda kwake, gari dogo la Stella likampita likiteremka, kasi, likamwachia vumbi. Alishangaa kidogo. Duka la kufuli la karibu na kwake hakulijua. Lakini mtu anayekwenda kuhukumiwa hana muda wa kuchunguza magari.

Mpakani mwa kihamba, shamba lake la migomba, akasimama. Pale ilikuwa imeota sale, yale majani marefu ya kijani ambayo Wachagga huyapanda kwenye mipaka. Ukimkosea mtu, unampelekea sale, na akishaipokea hana tena ruhusa ya kukataa kukusamehe. Baba yake alimpelekea mama yake mara mbili. Babu alipeleka mara nyingi zaidi, lakini babu alikuwa na wake wanne.

Akakata jani moja, akalifunga fundo, akavuta pumzi. Angeingia, angeinama, angelitoa kabla mkewe hajafungua mdomo. Alikuwa na mbinu.

Aliingia uani, akaganda.

Kwenye kigoda mbele ya nyumba aliketi mzee Aminieli, baba yake mdogo, kavaa koti la ibada. Kando yake Elisifa alisimama ameinamisha kichwa, kitenge kipya kiunoni. Na mkononi mwa mzee lilikuwepo jani la sale, limefungwa fundo.

"Shikamoo, baba mdogo," Eliufoo alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimetumwa. Mkeo amekukosea. Ameona hawezi kukukabili peke yake, akaniomba nikuletee sale."

Eliufoo alifikiri amesikia vibaya. Kisha akaona mkewe hainui uso, na kitu kitamu kikaanza kumpanda kifuani. Amekosewa. Yeye. Alirudisha mkono wenye jani lake nyuma ya mgongo, taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akanyoosha shingo.

"Makosa ni ya binadamu," alisema kwa sauti ya mzee wa kanisa. "Ilete."

"Huulizi kwanza?" mzee Aminieli alimtazama kwa jicho moja.

"Sale haiulizwi, baba mdogo. Ilete." Akapokea kwa mkono wa kulia. "Nimesamehe. Lolote lile. Imekwisha."

"Aika, mbe," Elisifa alimshukuru kwa heshima, chini chini.

"Na sasa niambie, mama Elifuraha, bila woga. Ni nini?"

"Ndafu," Elisifa alisema.

Hapa lazima uelewe. Ndafu ni beberu aliyehasiwa akanenepeshwa ndani kwa ajili ya sikukuu, na wa Eliufoo hakuwa ndafu wa kawaida. Alimlisha kwa mkono maganda ya ndizi mwaka mzima. Desemba ndugu zake watatu wangepanda kutoka Dar na Mwanza, na tayari alikuwa amewatumia picha. Wiki saba zilizopita Elisifa alisema amempeleka kwa kaka yake Marangu akale majani mazuri zaidi.

"Ndafu amefanya nini?"

"Ameliwa."

Eliufoo aliikodolea macho sale aliyoipokea.

"Ijumaa ni siku ya msaragambo wa mfongo," Elisifa aliendelea, akimkumbusha ile kazi ya kijiji ya kuzibua mfereji wa maji. "Mwenye ajira anasamehewa. Lakini mwenyekiti wa kijiji alipita Njoro kuagiza mabenchi, akasoma tangazo getini. Akaja hapa wiki ya pili. Akasema, kumbe mumeo Ijumaa yuko huru, mbona mfongoni haonekani? Nikasema anaumwa. Wiki ya tatu nikasema anaumwa. Wiki ya nne akaniuliza anaumwa nini, nikakosa ugonjwa. Wewe unajua sheria ya mfongo. Anayekosa mara tatu hutoa mbuzi, na mbuzi mwingine hatuna. Wakamchinja pale pale kwenye chanzo cha maji."

"Walikula wote?"

"Wote. Meku, huyu mzee wetu hapa, naye alikula."

Mzee Aminieli alikohoa. "Alikuwa na mafuta mazuri sana," alisema kwa huzuni ya kweli.

Eliufoo aligeuka kulitazama banda tupu la mbuzi. Aligeuka bila kufikiri, kwa uchungu, akaachia mikono yote miwili ikaning'inia.

"Baba Elifuraha," Elisifa alisema. "Na hiyo iliyo mgongoni mwako ni ya nani?"

Akapapasa. Jani lake la sale lilikuwa limegandia kwenye vanishi ya shati, katikati ya mgongo, fundo na yote, kama muhuri.

Ulimwengu una njia zake za kumwinamisha mtu aliyenyoosha shingo. Eliufoo alipiga goti moja pale pale uani, akamgeuzia mkewe mgongo, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine ya kumkabidhi.

"Ni yako," alisema. "Wiki kumi na moja, mama Elifuraha. Niliogopa majani ya ng'ombe. Unisamehe."

Elisifa alilibandua lile jani pamoja na kipande cha shati. Alilitazama muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko ambacho Eliufoo alikuwa hajakisikia tangu Elifuraha alipoolewa, na moyo wake ukatulia kama mtu aliyefika nyumbani.

"Nimesamehe," Elisifa alisema. "Sale haiulizwi."

Mzee Aminieli akaomba mbege, pombe ya ndizi. Wakaketi watatu. Jua la alasiri liliingia katikati ya migomba, na kwa kitambo Eliufoo alionja jambo lile ambalo Stella alilieleza wiki ya kwanza kwenye ubao na yeye hakulielewa. Aliketi kwake, siku ya kazi, hakuna aliyemkimbiza.

"Kwa hiyo ulijua tangu wiki ya pili," alisema.

"Tangu wiki ya pili."

"Na leo asubuhi ulipokuja na miwani, ulijua nipo mle."

"Miwani niliichukua mimi Jumatano, nikaiweka kwenye unga," Elisifa alisema. "Ulikoroma ndani ya kabati, baba Elifuraha. Mama Tabitha alikuwa ananikonyeza."

Eliufoo hakukoroma, alivuta pumzi tu, lakini aliliacha. Kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Akalileta kwa uangalifu.

"Ijumaa ijayo nitakaa hapa tangu asubuhi. Nitahitaji sahihi yako. Usipoweka, mafundi wote tumepoteza."

"Utakaa?"

"Nitakaa. Hata nikitaka kwenda, Mama Tabitha anabadilisha kufuli leo. Hakuna atakayeingia."

"Ameshabadilisha," Elisifa alisema.

Akafungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa kitu, akakiweka juu ya kigoda katikati ya vibuyu vya mbege. Kilikuwa ufunguo mpya, unang'aa, bado una karatasi ya dukani.

Eliufoo akakumbuka gari dogo lililoteremka na vumbi.

"Ufunguo wa karakana unafanya nini kwako?"

Elisifa aliurudisha kwenye kitenge, akafunga fundo mara mbili.

"Ijumaa ijayo sisi wake wa mafundi tuna shughuli zetu Njoro," alisema. "Na mama yake Kornel anakuja, amesema hajaumwa kiasi hicho."

"Shughuli gani?"

"Ng'ombe anakula saa kumi na mbili asubuhi. Msaragambo unaanza saa moja. Meku atashinda hapa akikuangalia." Alisimama, akakusanya vibuyu. "Nikirudi jioni nikakuta banda chafu, baba Elifuraha, kalamu ya sahihi ninayo mimi."